Uzi: Majirani wote wanakaza sheria za silaha za raia. Nani hasa anabanwa?

#1 Kitalu Namba Nane (mtoa mada)
Wakuu, salaam. Tuijadili hii bila ushabiki wa vyama.

Burundi ilitunga sheria yake Agosti 2009. Tanzania ikafuta ile ya 1991 na kuleta Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi, Na. 2 ya 2015. Sudan Kusini 2016. Rwanda 2018, Na. 56. Ethiopia 2020. Kenya imebaki na Sheria ya Silaha, Sura ya 114, iliyoachwa na mkoloni, ila 2014 ikaipachika Bodi ya Leseni za Silaha, na Desemba 2018 ikafuta leseni zote za raia kwa mkupuo na kuwapa wenye silaha siku 90 wakahakikiwe upya.

Dai langu ni hili: wote wananakili karatasi moja, Itifaki ya Nairobi ya 2004, yaani makubaliano ya nchi za ukanda huu kuhusu silaha ndogo. Na karatasi hiyo inambana mtu mmoja tu, yule ambaye jina lake tayari liko kwenye daftari la polisi. Mwenye bunduki ya porini haijui bodi wala msajili. Nipingeni.

#2 Sijali Sana
Nimeweka kiti. Ngoja waje wajuzi.

#3 Karani wa Rejesta
Mtoa mada, nusu uko sawa, nusu umeteleza.

Karatasi si moja. Kabla ya Nairobi kulikuwa na Itifaki ya SADC iliyosainiwa Blantyre, Agosti 2001, na mwaka huohuo Umoja wa Mataifa ulikuwa na yake. Tanzania na Kongo zimo Nairobi na zimo SADC, kwa hiyo sheria ya Dodoma ya 2015 ina baba zaidi ya mmoja.

Sasa soma Ibara ya 3 ya hiyo Nairobi taratibu. Inataka mambo ambayo nchi zetu hazikuwa nayo: rejesta moja ya kitaifa ya silaha zote za raia, alama za kufanana, marufuku ya kuweka silaha rehani, na marufuku kamili kwa raia kumiliki raifo za otomatiki na hata zile za nusu otomatiki. Hiyo ya rejesta ndiyo kiini cha yote. Zamani bunduki iliandikwa kwenye daftari la wilaya. Mwenyewe akihamishwa kikazi kutoka Tabora kwenda Mtwara, daftari linabaki Tabora, leseni analipia Mtwara, na kwenye hesabu ya taifa bunduki moja inakuwa mbili. Akifa, zote mbili zinabaki hai miaka ishirini. Ndiyo maana ya ule uhakiki wa 2016 hapa Tanzania: watu waliitwa na silaha zao mkononi, si karatasi peke yake. Huwezi kumsaka mwenye silaha haramu kama hujui halali ni zipi.

Kwa hiyo mwenye leseni hajabanwa kwa kuonewa. Amebanwa kwa sababu ndiye pekee anayehesabika.

#4 Kitalu Namba Nane
"Amebanwa kwa sababu ndiye pekee anayehesabika." Mkuu, hapo umenipinga au umeniunga mkono?

#5 Nyundo ya Hakimu
Mnaongelea leseni wakati mzigo uko kwenye adhabu.

Tanzania, kupatikana na silaha bila leseni kunashtakiwa kwa kuunganisha sheria mbili: hiyo ya 2015 na Sheria ya Uhujumu Uchumi, Sura ya 200. Silaha imo kwenye jedwali la makosa ya uhujumu, na tangu marekebisho ya 2016 kifungu cha 60(2) kinaanzia miaka 20 na kuishia 30. Gobore la babu lililokutwa darini linaingia mlango huohuo na SMG.

Lakini mlango huo una vizingiti, na upande wa mashtaka hujikwaa humo kila siku:

Kwanza, kesi ya uhujumu haianzi bila kibali cha Mkurugenzi wa Mashtaka, na ikipelekwa mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi inahitaji pia hati ya kuipa mahakama hiyo mamlaka. Ni karatasi mbili tofauti. Mahakama ya Rufani imefuta mashauri kadhaa kwa sababu wakili wa mkoani alisaini kibali chini ya kifungu kidogo ambacho ni cha Mkurugenzi mwenyewe.

Pili, hati ya ukamataji. Iorodheshe namba ya silaha, idadi ya risasi, na isainiwe na shahidi huru. Wakiandika "bunduki moja aina ya gobore" halafu mahakamani wakaleta gobore lenye alama iliyopigwa baadaye kituoni, wakili wa utetezi anakula hapo.

Tatu, mtaalamu wa silaha lazima athibitishe kwamba kitu kile ni silaha ndani ya maana ya sheria. Bomba na kipande cha mti havijawa bunduki kwa macho ya askari wa doria.

#6 Lodwar Kwetu
Hamjambo ndugu zetu. Kwetu Kenya kifungu cha 4A cha hiyo Sura ya 114 kinazitaja bunduki za kivita kwa jina: AK47, G3 na MP5. Ukikutwa na mojawapo bila idhini, ni kifungo kisichozidi maisha. Na aliyekabidhiwa kihalali akaikodisha, kifungo ni hichohicho. Huyo wa kukodisha ndiye mlengwa halisi, watu wengi hawalioni hilo neno.

Ila mtoa mada, na wewe Karani, mnasahau risasi. Bunduki hudumu miaka 40, risasi huisha jioni moja. Utafiti uliofanyika Turkana Kaskazini na kuchapishwa 2008 ulisoma maandishi kwenye kitako cha ganda. Kule nyuma kwenye kizibo kuna alama ya kiwanda na mwaka. Karibu nusu zilikuwa za kiwanda chetu wenyewe cha Eldoret. Yaani hazikuvuka mpaka wowote. Zilitoka serikalini zikapewa askari wa akiba wa vijijini walinde mifugo, zikasambaa. Sasa hiyo unaidhibiti kwa kumpeleka daktari wa Nairobi mwenye bastola akahakikiwe tena?

#7 Karani wa Rejesta
Lodwar, hoja ya risasi naikubali. Ila usiseme uhakiki wa 2018 ulikuwa wa bure. Tatizo lililotajwa wazi wakati ule ni vyeti vilivyotolewa kienyeji na wauzaji waliokuwa wakiuza kuliko vitabu vyao vinavyoonyesha. Hapo mwenye leseni ndiye mvujishaji, si mhanga.

#8 Mchumia Juani
Watani wa Kaskazini leseni mnazo, wanyama wa kuwinda hamna. Tangu 1977 uwindaji marufuku. Hizo bunduki mnawinda nini, maegesho?

#9 Lodwar Kwetu
😂 Tunawinda ng'ombe wetu waliopotelea kwenu.

#10 Fundi Mitutu
Nimesoma mpaka hapa, nataka niongeze upande wa chuma, maana sheria zote hizo mwisho wake ni namba iliyochapwa kwenye chuma. Namba ikikosewa, rejesta ni kitabu cha hadithi.

Itifaki ya Nairobi inataka alama mara mbili. Ya kiwandani: aliyetengeneza, nchi, namba ya pekee. Ya uingizaji: nchi iliyoingiza na mwaka. Nchi za ukanda huu zinatumia mashine za umeme zinazopiga vitone vidogo vidogo hadi vinaunda herufi. Uzuri wa vitone ni kwamba chuma kinasukumwa ndani, hakikwaruzwi juu juu.

Makosa yanayojirudia:

Karani anaandika namba isiyo yenyewe. Bastola nyingi zina namba ya hataza, namba ya modeli na alama za majaribio ya kiwanda. Anayekagua haraka anaokota iliyo kubwa zaidi. Matokeo yake "namba" moja ina bastola kumi na moja nchini, kwa sababu ile ni namba ya modeli.

Herufi O na sifuri. I na 1. Herufi zilizo mbele ya namba zinaachwa wakidhani ni pambo. Ukiacha herufi umeacha namba.

Shotigani ya mitutu miwili. Namba yake kamili iko ukiikunja, kwenye ubapa wa mwili na chini ya mitutu, na mara nyingine mpaka utoe mti wa mbele. Ukiandika ile iliyo kwenye chuma cha kulinda kifyatulio peke yake, unaweza kuwa umeandika namba ya kipuri.

Fremu ya plastiki. Huwezi kupiga vitone kwenye plastiki ukategemea vidumu. Ndiyo maana kiwanda huweka kibati cha chuma ndani ya fremu, na alama ya nchi inatafutiwa chuma kingine kama slaidi. Sasa slaidi ikibadilishwa kwa fundi, alama ya nchi imekwenda nayo. Kwa hiyo rejesta iandike namba zote, ya fremu, ya slaidi na ya mtutu, na isiandike moja tu kisha ikafunga faili.

Na usipige alama kwenye kitako cha mti. Kitako ni nguo, hubadilishwa.

#11 Mwana wa Rusumo
Fundi, na magobore? Hayana kiwanda, hayana namba, hayana mwaka.

#12 Fundi Mitutu
Gobore linapewa namba na msajili, linapigwa kwenye mtutu karibu na tundu la moto, ambako chuma ni kinene. Shida ni kwamba mtutu wa gobore la kienyeji mara nyingi ni bomba ambalo halikukusudiwa shinikizo. Ukilipiga alama umelitambua, hujalifanya salama. Sheria inalihesabu kama silaha nyingine, ila fundi akiulizwa kama linafaa kutumika atakaa kimya.

#13 Nyundo ya Hakimu
Na ndilo linalojaza magereza ya Katavi, Rukwa na Kigoma. Ukitaka kujua nani anabanwa, nenda kasikilize mashauri ya gobore huko. Mlinda shamba wa nguruwe pori, mashahidi watatu askari wa wanyamapori, miaka 20.

Hapa ndipo matangazo ya msamaha yanapoingia. Waziri anatoa tangazo kwenye Gazeti la Serikali, linataja siku ya kuanza na siku ya kuisha, na sehemu za kupeleka: kituo cha polisi, ofisi ya serikali ya mtaa au mtendaji. Ndani ya siku hizo ukisalimisha kwa hiari hushtakiwi kwa kule kuwa nayo. Angalieni neno "kwa hiari". Ukikamatwa nyumbani siku ya tatu ya msamaha ukasema "nilikuwa njiani kupeleka", huo si usalimishaji. Na msamaha haufuti kosa lingine lililofanywa na silaha hiyo.

#14 Kitalu Namba Nane
Hoja ya msamaha inanipa nguvu. Kenya Februari 2023 waliwapa watu wa kaunti sita za Bonde la Ufa siku TATU tu. Turkana, Pokot Magharibi, Elgeyo Marakwet, Baringo, Laikipia, Samburu. Siku tatu mtu wa malishoni hata taarifa haijamfikia.

#15 Lodwar Kwetu
Na hata ikimfikia. Mpokoti akisalimisha leo na Mkaramojong upande wa pili hajasalimisha, kesho hana ng'ombe. Uganda walianza kunyang'anya Karamoja Desemba 2001, wakarudi kwa nguvu 2006, wakarudi tena 2021. Kila mara upande mmoja ukivuliwa, upande wa pili unavuka. Septemba 2019 Kenyatta na Museveni walisaini makubaliano Moroto kuhusu jambo hilohilo. Aprili 2023 Waturkana 32 wakahukumiwa miaka 20 kila mmoja na mahakama ya kijeshi Moroto kwa kuvuka na bunduki. Mwezi uliofuata Museveni akatoa Amri ya Rais Na. 3: waje bila silaha au wasije.

Kwa hiyo tatizo si ulegevu wa sheria. Tatizo ni sheria mbili kali zisizokaza siku moja.

#16 Kabaka wa Mitaa
Hapo kwa mahakama za kijeshi ongeza kwamba Mahakama ya Juu ya Uganda ilisema tarehe 31 Januari 2025 kwamba kumshtaki raia huko ni kinyume cha katiba.

#17 Nyundo ya Hakimu
Na wewe ongeza kwamba Bunge lilipitisha marekebisho ya sheria ya jeshi mwaka huohuo yakamrudisha raia kwenye mahakama hizo kwa makosa fulani. Usiache hadithi nusu.

#18 Kabaka wa Mitaa
Sawa, nimerekebishika.

Ila Uganda ina mfano mwingine ambao haujatajwa. Baada ya mbunge Abiriga kuuawa Juni 2018, Rais aliagiza kila bunduki nchini ichukuliwe "alama za vidole", zikiwemo za makampuni ya ulinzi. Maana yake: unafyatua risasi kwenye tangi la maji au pamba, unaokota ganda na kichwa cha risasi, unapiga picha mikwaruzo ya mtutu na alama ya pini, unahifadhi. Ganda likiokotwa kwenye tukio unalinganisha.

Ni kazi nzuri lakini ina mipaka. Mikwaruzo inabadilika mtutu ukichakaa au ukioza kwa kutu. Shotigani haina mistari ya kukwaruza ndani ya mtutu, kwa hiyo gololi hazikuambii kitu, unabaki na ganda tu. Na bunduki iliyovuka kutoka Sudan Kusini jana haimo kwenye hazina yako. Tunarudi palepale alipoanzia mtoa mada.

#19 Karani wa Rejesta
Hatujarudi palepale. Ikiwa ganda halilingani na bunduki yoyote iliyosajiliwa, tayari umeondoa maelfu ya washukiwa. Hiyo nayo ni taarifa.

#20 Sijali Sana
Mnabishana kama mashemeji kwenye mahari. Endeleeni.

#21 Mama Chanja
Samahani nawatoa nje kidogo. Mzee akifariki na bastola ya halali ikabaki kabatini, familia ifanye nini? Mtoto mkubwa anaweza kuendelea kuilipia?

#22 Karani wa Rejesta
Hapana, dada. Leseni ni ya mtu, haiko kama hati ya kiwanja. Mwenyewe akifa, leseni imekufa. Anayebaki nayo kabatini, hata kwa nia njema, anaishikilia bila leseni, na #5 ameeleza kinachofuata.

Mpangilio unaofaa: isafirishwe haraka kituo cha polisi, bora askari waje kuichukua nyumbani kuliko mtoto kuibeba kwenye daladala. Ipelekwe pamoja na risasi zote, kitabu au kadi ya leseni, na nakala ya cheti cha kifo au kibali cha mazishi. Dai stakabadhi yenye aina, kalibari, namba kamili na idadi ya risasi. Hesabuni risasi mbele ya ndugu wawili.

Halafu mirathi ifunguliwe kama kawaida, silaha iorodheshwe kwenye mali. Mrithi anayeitaka anaanza ombi upya kuanzia serikali ya mtaa, kamati za usalama za kata na wilaya, hadi mkoani. Akikataliwa, silaha inauzwa kwa mwenye sifa kupitia utaratibu wa polisi, au inaachwa kwa serikali.

#23 Nyundo ya Hakimu
Kosa linalofanyika sana ni msimamizi wa mirathi kudhani barua ya mahakama inamruhusu kuichukua kituoni. Barua inampa mamlaka juu ya thamani ya mali. Kuishika silaha ni jambo jingine.

#24 Mama Chanja
Asanteni.

#25 Mwana wa Rusumo
Mimi naona wote mmekwepa sababu moja. Tarehe za mtoa mada zimeambatana na matukio. Westgate Septemba 2013, bodi ya Kenya 2014. Abiriga 2018, alama za vidole 2018. Dar es Salaam tarehe 25 Agosti 2021 karibu na ubalozi wa Ufaransa wakauawa polisi watatu na mlinzi mmoja, na baada ya hapo mjadala wa nani apewe leseni ukafufuka. Wanasiasa hukaza baada ya damu, halafu wanatafuta itifaki ya kuegemea.

#26 Karani wa Rejesta
Sheria ya Tanzania ya 2015 ilikaziwa na damu gani? Ya Burundi 2009 je? Hiyo ilikuja na amani, baada ya vita, wakati wa kukusanya silaha zilizobaki majumbani. Nadharia yako inafanya kazi Nairobi na Kampala, Bujumbura inakwama.

#27 Mwana wa Rusumo
Na ya kwako inakwama Kinshasa. Kongo walisaini itifaki zote hizo, lakini sheria yao ya silaha iliyokuwa ikitajwa ni ya Mobutu, ya Septemba 1985. Karatasi ingekuwa na nguvu unayosema, ingeondoka zamani.

#28 Kitalu Namba Nane
Hapo Karani ajibu 😄

Wakati tunasubiri, swali la kiutendaji: mwindaji au mlenga shabaha mwenye leseni ya Tanzania akivuka Namanga kwenda Kenya?

#29 Fundi Mitutu
Leseni yako inakufa kwenye kizuizi cha forodha. Soko la pamoja la Afrika Mashariki ni la nyanya na saruji, halijafika kwenye silaha. Unahitaji kibali cha kutoa kutoka huku na kibali cha kuingiza cha kule, vyote KABLA ya kufika mpakani, namba za silaha zikilingana herufi kwa herufi. Ndiyo maana nilisisitiza O na sifuri: afisa akiona B0 kwenye karatasi na BO kwenye chuma, bunduki inalala kwake.

Kwa ndege: sanduku gumu lililofungwa, silaha tupu, risasi kwenye kifungashio chake mbali na silaha, utangaze kaunta. Kikomo cha kimataifa ni kilo 5 za risasi kwa abiria pamoja na uzito wa boksi, na huruhusiwi kuunganisha zako na za mwenzako kwenye boksi moja la kilo 10. Shirika linaweza kukataa kabisa, kwa hiyo ulizeni kwa maandishi kabla ya kukata tiketi.

#30 Mchumia Juani
Kilo 5 za .375 ni risasi ngapi?

#31 Fundi Mitutu
Moja nzima ina gramu kati ya 40 na 45 hivi, kutegemea uzito wa kichwa. Toa uzito wa boksi, unabaki na mia moja na kidogo. Kama unahitaji zaidi ya hizo kwa nyati mmoja, rudi kwanza uwanja wa shabaha.

#32 Karani wa Rejesta
Nimerudi. Mwana wa Rusumo, kuhusu Kinshasa: itifaki haitungi sheria, bunge ndilo linatunga. Nairobi iliwapa wenye nia kiolezo. Asiye na nia alibaki na Mobutu.

#33 Mwana wa Rusumo
Kwa hiyo ni nia, si karatasi. Ndicho nilichosema tangu #25.

#34 Lodwar Kwetu
Na risasi za Eldoret bado hakuna aliyezijibu.